Pikapu ya Mazishi

Twaibu alikuwa fundi umeme wa magari. Ukadhi hakuusomea na wala hakuutamani. Mpe waya mmoja uliokatika katikati ya rundo la waya, atautafuta mpaka aupate, huku anapiga mluzi. Lakini mpe watu wawili wanaogombana, hata kama wanagombania kiti tu, utamwona anainama kutafuta spana ambayo haijapotea. Basi asubuhi ile, pikapu ya bluu iliyopauka ilipoingia uani kwake, pale Tunduma nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, moyo wake ulishituka mapema. Upande wa usukani alishuka mwanamke aliyekunja uso. Upande wa abiria alishuka mzee mrefu mwenye koti la suti, aliyekunja uso zaidi.

"Shikamoo, mzee wangu," Twaibu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja na ugonjwa."

"Wa gari?"

Mzee alimtazama yule mwanamke. Mwanamke alimtazama mzee. Hapo Twaibu akajua kuwa leo kazi haiko chini ya boneti peke yake.

Mzee aliitwa Nathanaeli, mkulima wa kahawa wa upande wa Mbozi Mission. Mwanamke alikuwa Atupele, bintiye wa kwanza, mwalimu huko Nanyala, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Yeye ndiye aliyeeleza. Pikapu inaruka. Ukiikanyagia mafuta kidogo kidogo inasita, halafu inaruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Barabara kuu haina shida. Shida ni ikienda polepole.

"Sasa si uende haraka," Twaibu alisema, akidhani anatania.

Hakuna aliyecheka. Na ukishajua kazi ya pikapu ile, hutacheka na wewe.

Kwao huko, mtu akifariki, jeneza halipakiwi garini likakimbizwa kama gunia la mahindi linalowahi mnunuzi. Linawekwa nyuma ya pikapu ya Mzee Nathanaeli. Wapiga tarumbeta wa kanisa wanatangulia kwa miguu, na pikapu inawafuata kwa mwendo wao, mwendo wa mtu anayetembea huku anapuliza, tangu nyumbani kwa marehemu mpaka makaburini. Wapigaji hawageuki nyuma, maana wanaona ni utovu wa adabu kumkodolea macho aliyelala. Wanampa dereva mgongo, na kati ya visigino vyao na bampa nafasi ni ndogo. Kazi hiyo mzee ameifanya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Wapo aliowachukua wakiwa wachanga kwenda kubatizwa, na akaja kuwasindikiza kwa pikapu ileile. Hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa, wala hakujua kuhubiri. Heshima yake yote pale kijijini ilikaa kwenye mguu wa kulia.

Mazishi yaliyopita, pikapu iliruka. Ilimgonga Lusubilo, yule anayebeba tarumbeta kubwa la besi, nyuma ya goti. Lusubilo akaanguka juu ya tarumbeta lake, na wimbo ukakatika katikati, jambo ambalo halijapata kutokea. Alipona, anachechemea tu. Lakini tangu siku hiyo nyumba ya Mzee Nathanaeli haikuwa na amani.

"Mimi nasema ni mguu," Atupele alisema. "Jioni akikaa kwenye kiti, kisigino chake kinagonga sakafu peke yake. Mpaka Rozi, mjukuu wake, anauliza babu anacheza ngoma gani."

"Unatetemeka nikikaa," mzee alijibu. Hakupandisha sauti. "Nikiukanyagia kitu unatulia. Mguu wangu naujua mimi, wewe unaujua wapi?"

"Kwa hiyo tumekubaliana," Atupele akaendelea, akimgeukia Twaibu kana kwamba yeye ndiye darasa. "Fundi atapima. Gari likiwa bovu, nimekosa mimi, naomba radhi na funguo zinabaki kwake. Gari likiwa zima, funguo ananipa, na haendeshi tena. Na neno lako ndilo la mwisho."

"Langu?" Twaibu alisema. "Mwalimu, mafundi wamejaa Vwawa. Mmepita wangapi barabarani?"

Atupele alihesabu kwa vidole. Wa kwanza ni mtoto wa dada wa huyu mzee. Wa pili wanaimba naye sauti moja kwenye kwaya. Wa tatu, huyu mzee ndiye aliyemsindikiza mama yake kaburini, mvua ikinyesha, bila kumrusha hata kwenye shimo moja. Sasa fundi wa namna hiyo atamwambia nini mzee? Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu alipandisha silensa, yaani ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, akasema sasa itachangamka. Kweli ilichangamka, ikamwangusha Lusubilo. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kupanda akakaa pembeni ya mzee akamwangalia anavyoendesha. Pikapu ilibadilishwa vyuma kwa sababu ya adabu.

"Wewe hutujui," Mzee Nathanaeli alisema, na safari hii yeye na binti yake walikuwa upande mmoja. "Wewe ni Mwislamu, umetoka Tabora huko. Huna shamba kwetu, huna shangazi kwetu. Utasema ulichokiona."

Twaibu aliinama akaanza kutafuta spana.

Alipofungua boneti alipata nafuu, maana injini haina ukoo. Aliiwasha, akasikiliza. Silensa ilikuwa juu, inapanda na kushuka kama mtu anayehema usingizini. Akazima. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mlango mdogo wa hewa, ule unaofunguka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Ubavuni mwa mlango huo kuna kidude cheusi cha plastiki, kikubwa kama kiberiti, kimeshikwa na skrubu mbili. Ndiyo sensa ya throto. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari mguu umekanyaga kiasi gani, ili kompyuta nayo ijue imwage mafuta kiasi gani. Vichwa vya skrubu zile mbili vilikuwa vimechubuka vibaya. Fundi wa tatu alipita hapa, Twaibu alijisemea. Hakupima, alizungusha tu mpaka akasikia kelele aliyoipenda.

Mafundi wenzake siku hizi hutumia mita za namba. Twaibu alikuwa nayo moja, zawadi ya Mzambia aliyemtengenezea lori, ila kwa kazi hii aliiacha kabatini. Namba zinarukaruka, huwahi kuzisoma. Akachukua mita yake ya zamani yenye mshale, kwa sababu mshale unauona ukitembea, na kama una wasiwasi unauona wasiwasi wake. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Akachomeka pini nyembamba nyuma ya waya wa kati wa sensa, akaiunganisha na mita, akaiweka juu ya betri.

"Njooni muone wote," alisema. "Nisije nikaambiwa nimependelea."

Wakaja, mmoja kulia mmoja kushoto. Twaibu alishika mlango wa hewa kwa kidole akaanza kuufungua taratibu, taratibu kuliko mguu wowote. Sensa ikiwa nzima, mshale unapanda mfululizo kutoka chini mpaka juu, kama maji yanayojaa ndoo. Huu ulianza kupanda vizuri. Ukapanda kidogo tu, halafu ukaanguka chini kabisa, ukalala. Akaendelea kufungua. Ukaamka ghafla, ukarukia mahali pake, ukaendelea na safari mpaka juu bila tatizo. Akarudia. Ukaanguka palepale. Akarudia tena, palepale.

"Hapo," Twaibu alisema, na alishindwa kuficha furaha. "Ndani ya hiki kidude kuna njia nyembamba, na kuna ulimi unaopita juu yake. Njia imelika hapo. Ulimi ukifika kwenye hilo shimo, kompyuta inadhani umeondoa mguu, inakata mafuta. Ukivuka shimo, inadhani umekanyaga ghafla, inayamwaga. Ndiyo kuruka kwenyewe. Gari ni bovu, mwalimu."

Mzee Nathanaeli alivua kofia. Alisema neno moja kwa Kinyiha, kwa sauti ya chini, na Twaibu hakuhitaji kutafsiriwa. Atupele alibaki anautazama mshale. Halafu uso wake ulikunjuka. Ajabu ni kwamba alifurahi, na furaha ilimjia kwa nguvu hadi akashika mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili, mbele ya mtu baki.

"Nisamehe, baba."

"Yameisha."

"Nimekusema mbele za watu."

"Nimesema yameisha, mwanangu."

Lakini mzee hakuwa ameliacha jambo. Aliinama tena juu ya injini. "Fundi, kwa nini imelika hapo, isilike kwingine?"

Swali zuri, na Twaibu alilipenda. Alimweleza kwamba sensa hulika pale ulimi wake unaposhinda. Dereva wa malori ya masafa marefu huila juu, maana mguu wake unakaa juu. "Hii imelika chini, karibu kabisa na mwanzo, mahali ambapo mtu wa kawaida anapita tu. Wewe ulikuwa unakaa hapo."

Mzee alianza kutaja majina ya aliowasindikiza, polepole, bila kumtajia yeyote: Yesaya, mama Gwamaka, wale pacha, mchungaji wa zamani. Njia ile nyembamba ndani ya kidude cha plastiki ililiwa na hao. Twaibu hakuwajua, lakini aliona si vizuri kupiga mluzi.

Alikuwa na sensa nzima aliyoitoa kwenye gari moja lililokatwa vipande. Aliipima kwanza mkononi, mshale ukapanda bila kusita. Akaifunga mahali pa ile ya zamani, skrubu zikiwa zimelegea kidogo. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu. Matundu ya skrubu ni marefu makusudi, ili uweze kuizungusha sensa kushoto na kulia kwa nafasi ya ukucha. Mlango wa hewa ukiwa umefungwa, mshale lazima usome kidogo: usilale kabisa, usiinuke sana. Ukiinuka, gari linadhani umekanyaga wakati hujakanyaga. Twaibu aliizungusha, akakaribia, akapitiliza, akarudi. Alipopapata alikaza skrubu ya kwanza, na sensa, kama kawaida yake, ikajivuta upande. Akalegeza, akaanza upya. Alipomaliza akawasha injini. Silensa ilitulia, ikanguruma chini kwa chini kama mtu mzima aliyeshiba.

Angeishia hapo angekuwa fundi kama wenzake, na wale wawili wangerudi Mbozi wakicheka njia nzima. Lakini Twaibu alikuwa na desturi yake, na aliijivunia kuliko cheti chochote: hatoi gari la sensa bila kuliona likitembea kwa mguu wa mwenyewe, mita ikiwa bado imeunganishwa. Mguu wangu si mguu wako, huwaambia wateja. Akarefusha nyaya, akazipitisha pembeni ya boneti na kuziingiza dirishani, akakaa kiti cha abiria, mita mapajani. Mzee alikaa kwenye usukani. Alifuta usukani kwa kiganja kabla hajaushika.

"Mwendo ule," Twaibu alisema. "Wa mazishi."

"Ule hauendeki hivi hivi. Lazima mbele kuwe na mtu. Mimi hupima kwa visigino."

"Nitatembea mimi," Atupele alisema.

Alisema haraka, na Twaibu alielewa. Alikuwa anataka kulipa kwa mwili wake ile shaka yake. Nyuma ya ua kulikuwa na njia ya udongo, upande mmoja ukuta wa ghala la maharage, upande wa pili uzio wa mabati. Haikuwa na watu. Atupele akasimama mbele ya pikapu, karibu kama wanavyosimama wapiga tarumbeta, akawapa mgongo. Akaweka mikono mbele, kama ameshika ala. Akaanza kutembea.

Mzee aliingiza gia, akaachia klachi, akakanyaga. Pikapu ikamfuata binti yake.

Mshale ulipanda, ukafika pale penye shimo la zamani, ukapita bila kuanguka. Twaibu akatabasamu. Ukasimama mahali pake. Kisha ukaanza kucheza.

Haukuanguka. Ulikuwa unatikisika, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa haraka na bila kuchoka. Jambo la kwanza alilolifikiria Twaibu ni kwamba amekosea yeye. Pini imelegea, alisema moyoni. Skrubu haikukazwa. Nyaya zinagusana. Akazikamata nyaya kwa vidole, akazibana. Mshale uliendelea kucheza. Basi akafanya kile ambacho mafundi watatu wa Vwawa hawakukifanya: aliinamisha macho akatazama chini ya usukani.

Kiatu cha mzee kilikuwa kimepakwa rangi vizuri. Kisigino chake kilikuwa kinagonga kapeti.

Alipoinua macho mshale ulikuwa umeruka juu, na injini ikapiga kelele. Pikapu ilichupa mbele. Aliuona mguu wa mzee ukitoka kwenye mafuta kutafuta breki, ukaigusa pembeni, ukateleza, ukatafuta tena. Twaibu alivuta hendibreki kwa nguvu zake zote. Gari lilitikisika, likazima.

Kati ya bampa na mgongo wa Atupele pangeweza kupita mkono, si zaidi.

Na Atupele hakugeuka. Alisimama vilevile, mikono mbele, ameshika tarumbeta lisilokuwepo. "Mmesimama?" aliuliza, sauti yake ina furaha. "Fundi, unarekebisha kitu? Mseme tu tuendelee."

Jasho lilimtoka Twaibu mgongoni. Alikuwa na watoto, na alichokiona ni mgongo wa mtoto wa mtu.

"Rekebisho dogo, mwalimu!" alipaza sauti hatimaye. "Subiri hapo pembeni ya ukuta kidogo!"

Atupele akasogea, akaegemea ukuta wa ghala, akatoa simu yake.

Mzee Nathanaeli alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Kisigino bado kilikuwa kinagonga. Aliweka kiganja juu ya goti akalikandamiza, kama unavyomkandamiza mtoto asiyetulia kanisani. Halikutulia.

"Ule mshale," alisema. "Mwanzo ulikuwa unaanguka. Sasa unacheza. Ni kitu kilekile?"

Hapo ndipo Twaibu alipoona jinsi mambo yalivyokaa. Gari lilikuwa bovu. Amelisema, limeshuhudiwa, binti ameomba radhi. Akinyamaza tu, hakusema uongo. Akiongeza neno moja la kumtuliza mzee, sensa mpya hii, itazoea, safari imekwisha salama na kila mtu anampenda. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema chochote kuhusu anayechelea mzee kulia, labda kwa sababu wao wenyewe walikuwa wazee.

"Si kilekile, mzee wangu," alisema, halafu ujasiri ukamwishia, akakimbilia kwenye ufundi. "Lakini naweza kusaidia. Naweza kuizungusha sensa nyuma kidogo, na kebo ya mafuta nikailegeza. Pedeli ikawa nzito kusikia. Mguu ukicheza, gari halitajua. Wapo wengi nimewafanyia hivyo." Hakuwa amemfanyia hata mmoja.

Mzee alilifikiria. Twaibu alimwona akilifikiria, na matumaini yakimpita usoni waziwazi, kwa muda mrefu. Alitaka kukubali, na usingemlaumu.

"Na breki?" aliuliza.

Twaibu aliinamia mita yake.

"Mguu wa breki ndio huu huu. Utailegeza na breki?"

"Hapana, mzee wangu."

"Mita yako inaweza kukosea?"

"Kila kitu kinaweza kukosea."

"Sijauliza kila kitu. Nimeuliza hii, sasa hivi."

Nje, Atupele alikuwa anacheka na mtu kwenye simu, anamwambia baba hakuwa na kosa, ni sensa, kitu kidogo tu, kimeshatengenezwa. Twaibu alimsikia, na mzee pia alimsikia.

"Haijakosea," Twaibu alisema. "Gari ni zima, baba."

Katika maisha yake ya ufundi alikuwa ameisema sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara mtu amemshukuru. Leo mzee alifumba macho kana kwamba amemwagiwa maji ya baridi. Alikaa hivyo. Kisha akafungua mlango, akashusha mguu wa kushoto, halafu ule wa kulia, akaenda mpaka kwa binti yake. Twaibu naye akashuka, akiwa na mita mkononi na nyaya zikining'inia, kwa sababu hakujua aiweke wapi.

"Kata simu," mzee alisema. "Gari ni zima."

"Ndiyo, baba, fundi amelitengeneza. Nilikuwa namwambia Lusubilo..."

"Atupele. Gari ni zima. Tulikubaliana nini?"

Alichelewa kuelewa. Aliutazama uso wa baba yake, akautazama wa Twaibu, akaitazama pikapu iliyozima njiani, na mahali alipokuwa amesimama yeye, na alama ya tairi iliyoburuta udongo mpaka hapo. Akaziba mdomo kwa mkono.

Ungedhani atashukuru, maana alichokuja kukitafuta ndicho amekipata. Alilia. "Lakini sensa ilikuwa mbovu," alisema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anamtetea. "Tumeiona wote. Ilikuwa inaanguka. Fundi, si ilikuwa inaanguka?"

"Ilikuwa, dada yangu."

"Basi!"

"Ilikuwa," mzee alisema. "Sasa haianguki tena pale, na mimi nimekukaribia kwa bampa hata hujui. Mficha maradhi kilio humfichua, mwanangu. Mimi kilio changu kingekuwa wewe."

Lori moja lilipiga honi ndefu barabarani, na foleni ikasogea. Mwishowe Atupele alisema, huku akijifuta kwa kanga, kwamba watu watatafuta gari lingine la misiba, vijana wana magari siku hizi, na baba ataketi mbele na wazee kama inavyomstahili.

"Vijana hawaujui mwendo," mzee alijibu. "Watawapeleka watu wetu kama mizigo. Ufunguo uko kwenye swichi. Panda."

"Mimi?"

"Umelileta mpaka Tunduma. Au lilijileta?"

"Baba, mwanamke hajawahi kuendesha jeneza kwetu."

"Hajawahi. Panda."

Akapanda. Twaibu naye akarudi kiti cha abiria na mita yake. Hakuna aliyemwambia arudi, lakini kazi yake ilikuwa haijaisha. Mzee aliinama dirishani upande wa binti yake. Alimfundisha kwa maneno machache. Usiitazame barabara, barabara anaitazama anayetangulia. Tazama visigino. Kisigino cha kulia kikiinuka, acha. Kikitua, ongeza kama unavyokanyaga yai. Usiutumie mguu wote, tumia kidole gumba ndani ya kiatu. Na usisikilize kilio nyuma, maana ukikisikiliza utakimbia.

Kisha akaenda mbele ya bampa, akasimama pale pale aliposimama Atupele, akawapa mgongo. Koti la suti lilikuwa na vumbi mabegani. Alipotaka kuanza kutembea mguu wake wa kulia ulitikisika, akaungoja. Akaanza.

Atupele aliachia klachi. Pikapu ilisita, ikamfuata. Mshale ulipanda kidogo mpaka pale chini, karibu na mwanzo, mahali pa wafu, ukabaki. Ulitikisika alipokosea, ukatulia. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa kazini na macho yalikuwa kwenye visigino vya baba yake. Mzee alikuwa anaimba sauti ya besi, bila maneno. Walipita ghala lote hivyo, na hakugeuka hata mara moja kuangalia bampa liko wapi.

Karibu na mwisho wa uzio aliinua mkono.

"Hapo hapo," alisema, akitazama mbele. "Usiongeze, usipunguze. Umeusikia?"

"Nimeusikia, baba."

"Basi uushike. Na mimi utanipeleka kwa mwendo huu huu."

Twaibu aliutazama mshale, akiogopa. Lakini mguu wa Atupele haukutikisika, na pikapu iliendelea kumfuata mzee, taratibu, mpaka njia ilipokwisha.